Gunia Nne za Mama Pascaline

Ruti, Mbarara
Jumapili, 9 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Nimepiga simu yako siku tano, haipatikani. Leo Ancilla amenikuta nje ya kanisa, akaniambia simu imeharibika na iko kwa fundi, ila wewe mwenyewe uko mzima. Kesho alfajiri anarudi Nakivale kuchukua samaki wa kuuza huku, kwa hiyo nimemwomba abebe barua hii. Usishangae ikinuka.

Mimi sijambo. Chumba changu sasa kina kioo dirishani, mwenye nyumba amekubali mwishowe. Kazi ndiyo inanikaba. Unajua kila msimu ofisi yetu hapa Nyamitanga inakadiria ekari ngapi zimepandwa wilayani na huko kambini, na kila ekari itatoa nini. Mwaka huu ekari za mahindi zimeongezeka mno kwa sababu ya ile mbegu mliyogawiwa Machi. Kwenye picha za setilaiti za Aprili upande wote wa Juru, huko kwenu, ni kijani kitupu. Bosi wangu, Bwana Katureebe, anaziangalia huku anatabasamu. Ripoti inatoka Ijumaa.

Lakini kipimo cha mvua kilichoko Masha, jirani na kambi, kinaonyesha mvua ilikatika tangu tarehe mbili Mei. Jambo hilo linaninyima raha. Na mpimaji aliyetumwa kwenye vijiji vyenu vitatu aliugua kabla hajaanza. Fomu zake zimerudi nyeupe.

Basi niambie, Mama. Nauliza kama mtoto wako tu: lile shamba letu la nusu ekari litatoa gunia ngapi? Mwaka jana zilikuwa nne. Na wewe, unakula? Jibu upesi, Ancilla atakuwa huku Jumatano.

Mwanao,
Yvette


Juru, Nakivale
Jumanne, 11 Juni

Yvette mutoto wangu,

Nakusalimia kwa jina la Yesu. Barua imefika, nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili jirani yangu Clémence asikie vile mutoto wangu anaandika. Akasema, "Mama Pascaline, huyu ni mwalimu kabisa."

Simu ni kitu kidogo, ni ile fasi ya kuchajia. Fundi anatafuta kifaa. Usije ukanunua ingine.

Unauliza mahindi. Mahindi yako. Jua lilitupiga kidogo mwezi wa tano, lakini Mungu halali. Mwaka jana zilikuwa gunia nne, na mwaka huu nne hazitakosa. Mabua yamesimama mpaka barabarani, kila anayepita anatazama. Na mimi ninakula. Jana nilikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, nikabakisha. Wewe ndiye unayeniogopesha. Kwenye picha ile ya Pasaka shingo yako ilibaki mishipa tu. Huo mshahara kula, mama. Usituletee vitu.

Baba yako angekuwapo angecheka. Kule kwetu Sange, Kongo, alikuwa anapima shamba kwa hatua za miguu, na kila mwaka tunagombana na jirani kwa sababu jirani alikuwa na miguu mirefu. Leo binti yake anapima wilaya nzima.

Lala vizuri, na uvae shuka nzito, Mbarara kuna baridi.

Mama yako,
Pascaline


Ruti
Jumapili, 16 Juni

Mama,

Umenitoa mwiba moyoni. Barua yako ilinifikia Jumatano jioni, na usiku ule nililala mpaka asubuhi kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Ripoti imetoka Ijumaa, saa kumi na dakika kumi. Ukurasa wa upande wa Juru ni wangu na jina langu limeandikwa chini yake. Bwana Katureebe alinishika mkono mbele ya watu wote. Anasema msimu ujao huenda nikapewa wilaya nzima nisimamie.

Tumeambiwa mashirika ya msaada yatapanga upya orodha ya chakula ya Julai kwa kufuata ripoti hii. Wenye mavuno watangoja, wasio na kitu watatangulizwa, kwa kuwa chakula kilichopo hakiwatoshi wote. Naona ni haki.

Ukianza kusaga, nitunzie unga mpya kidogo.

Yvette wako


Juru
Jumanne, 18 Juni

Yvette,

Nimefurahi kwa ajili ya jina lako. Nimemushukuru Mungu.

Nataka kukuuliza kitu kimoja. Hiyo ripoti, hesabu ya Juru mliipata wapi? Uliniambia mpimaji aliugua. Hakuna mtu aliyekuja hapa na kamba wala na mashine. Nimeuliza hata kwa Ngabo, mwenyekiti wetu, akasema hakuona mtu.

Ni kuuliza tu. Usiache kula.

Mama yako,
Pascaline


Ruti
Jumapili, 23 Juni

Mama,

Mambo ya ofisi yana njia zake nyingi, kuna setilaiti, kuna rekodi za misimu iliyopita, kuna vyanzo vya shambani. Siwezi kukueleza yote kwenye karatasi. Usijali, tulikuwa na uhakika.

Mbona hujasema kama umeanza kuvuna?

Yvette


Juru, Nakivale
Alhamisi, 4 Julai

Dada Yvette,

Miye ni Clémence, jirani ya mama yako, mwenye iko na batoto batatu. Mama hajui kama ninakuandikia. Akijua atanikasirikia, lakini nimechoka kunyamaza.

Mama yako anakudanganya. Ile simu haikuharibika. Aliiuza mwezi wa tano juu ya kununua mbegu ya maharagi, akapanda tena, na ile maharagi nayo ikakauka. Mahindi hakuna. Mabua iko, inasimama, ukiwa mu barabara utasema ni mavuno. Lakini ukikamata hindi moja ukifungua, ni majani tu, ndani mbegu tatu, mbegu ine, kama meno ya muzee. Mu shamba yake yote, ukiivuna, ndoo moja haitajaa.

Tarehe moja walisoma orodha ya chakula. Sisi bote ba vijiji tatu hatumo. Walisema ripoti ya Mbarara inaonyesha tulivuna muzuri. Batu walipiga makelele. Ngabo akauliza, "Nani alikuja kupima?" Mama yako alikuwa pembeni yangu. Alikaa chini mu vumbi na nguo yake ya kanisa.

Jana alianguka akienda kuteka maji. Tulimupeleka ku santé kwa badaktari, walisema hakuna ugonjwa, ni njaa. Sasa amerudi nyumba, anaweza kusimama. Alinikataza nisikupigie simu. Sikupiga simu, nimeandika.

Wewe unatumika mu ile ofisi. Tafuta ni nani aliandika ule uongo.

Clémence


Ruti
Jumapili, 7 Julai

Mama,

Nimejua yote. Najua habari ya simu, ya maharagi, ya ndoo isiyojaa, najua na kuanguka kwako njiani. Usimtafute aliyeniambia.

Tangu asubuhi nimeanza barua hii mara nne. Tatu nimezichana, maana zilikuwa za matusi na wewe ni mama yangu. Kwa nini, Mama? Nilikuuliza kitu kimoja tu.

Lakini nami nina langu, na litoke leo. Uliniuliza hesabu ya Juru tuliipata wapi, nikakujibu kama karani anayemfukuza mtu dirishani. Niliitoa kwako. Asubuhi ya Ijumaa ile Bwana Katureebe alisimama mezani kwangu akauliza, "Yvette, hivi vijiji vitatu, uko na kitu ya shambani? Mimi sitaki namba za hewa." Mkobani nilikuwa na barua yako tu. Nikamwambia, "Ninacho." Nikaandika kwamba wakulima waliohojiwa wanasema mavuno ni kama ya mwaka jana. Wakulima! Ulikuwa wewe peke yako. Gunia nne kwa nusu ekari ni nane kwa ekari, nikazidisha kwa ekari mia sita na arobaini, ikatoka gunia elfu tano na zaidi. Gunia ambazo hazipo. Kaya elfu moja na mia mbili zimetolewa kwenye orodha kwa mkono wangu.

Kanuni ya kazi yetu inakataza kuuliza ndugu. Nilijua. Ndiyo maana nilikuficha nilichokuwa ninatafuta, nikasema nauliza kama mtoto wako tu. Kwa hiyo aliyeanza kudanganya ni mimi.

Kesho naingia kwa Katureebe. Ancilla anakuletea unga kilo kumi. Ukiurudisha sitakusamehe.

Yvette


Juru
Jumanne, 9 Julai

Mutoto wangu,

Uliniuliza kama mtoto, nikakujibu kama mama. Ungeniuliza kama ofisi ningekuambia njoo na kamba yako uone mwenyewe.

Mwaka ule ulipokuwa chuo, nilikuambia mara moja kwamba sina chakula. Unakumbuka ulichofanya? Uliuza vitabu ukanitumia pesa, ukaacha kula mchana muhula mzima, ukaja nyumbani Desemba huwezi kubeba hata ndoo. Niliapa siku ile kwamba hutasikia tena njaa yangu. Nikaona gunia nne ni neno dogo, litapita. Sikujua kama litapita juu ya vichwa vya batu wote hawa.

Nilisoma kwenye barua yako ya pili kwamba ukurasa wa Juru una jina lako. Nilikuandikia ili useme kama namba ni yangu. Hukusema. Na mimi nikanyamaza, nikajiambia pengine siyo.

Sasa nisikilize. Usiende kwa huyo Katureebe. Kama umeshaenda, rudi useme ulichanganyikiwa. Njaa sisi tumeizoea, tumetembea nayo kutoka Sange. Kazi yako hatujaizoea. Wewe ndiye mutu mmoja wa ukoo wetu mwenye meza na kiti. Wakikufukuza, nani atakuajiri tena? Mwezi wa tisa tutapanda, mvua itakuja, orodha watabadilisha, ni miezi tu.

Unga nimepokea. Nimegawana na Clémence, kwa sababu batoto wake hawana kosa. Yeye mwenyewe sijasema naye. Najua ni yeye. Hapa hakuna mwingine aliyejua nimeuza simu.

Nakuomba kwa magoti.

Mama yako


Ruti
Jumatano, 10 Julai, usiku

Mama,

Barua yako imenikuta nimeshaingia. Niliingia Jumatatu.

Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta. Kisha akauliza, "Nani alikupa gunia nne?"

Nikasema, "Mama yangu."

Akacheka kidogo, halafu akaona mimi sicheki. Akainuka, akafunga mlango. "Wewe unajua ripoti imeshafika kila mahali? Unajua nilikuuliza mimi mwenyewe, nikasimama hapo?" Nikasema najua. "Basi leo mama analia njaa, kesho mama wa mwingine atalia. Mimi nitatuma timu kwa machozi?"

Alikuwa na haki, Mama. Aliniuliza, nami nikamwambia ninacho.

Mwishowe akasema, "Leta namba za kweli. Hapo nitazipeleka. Lakini wewe sitakulinda." Orodha ya Agosti inafungwa Ijumaa ya tarehe kumi na tisa. Namba zinatakiwa mkononi mwangu Jumatano, tarehe kumi na saba. Mimi nimekatazwa kukanyaga Juru, wasije wakasema nimezipika. Kwa hiyo ni wewe.

Fanya hivi. Kata kamba ya mita ishirini, uifunge mafundo manne, upande mmoja mita tano. Ukiitandaza shambani utapata mraba. Vuna kila hindi lililomo ndani yake, pukuchua, pima kwa mizani ya Ancilla, ile ya samaki, nimemwomba akuachie. Mashamba yasipungue thelathini. Msichague mabaya. Simameni kando ya shamba, hesabuni hatua ishirini kuingia ndani, na pale mguu utakapoishia ndipo kamba inaanza, hata kama pana mahindi mazuri. Aliyekwisha vuna, pimeni alichonacho nyumbani. Kila shamba liwe na jina la mwenyewe, uzito, na mashahidi wawili wasio wa nyumba hiyo. Mwenyekiti aweke sahihi.

Kwenye mraba wa mwaka mzuri hutoka kilo tano.

Ancilla ananiambia Ngabo ameshakubaliana na watu wamwachie mabua, na ng'ombe wake wanaingia mashambani Jumamosi. Wakiingia, kila kitu kimekwisha. Mzuie.

Najua ninachokuomba. Lazima uwaambie watu kwa nini unapima. Hakuna njia nyingine, Mama. Na shamba la kwanza liwe letu.

Yvette


Juru
Jumanne, 16 Julai

Yvette,

Nilikaa na barua yako Alhamisi nzima. Nikasema sitafanya. Nilikuwa tayari kukuandikia hivyo.

Jioni nikaenda bombani, fasi ambapo wamama wote wanangojea maji. Nikaweka ndoo chini, nikasema: "Ripoti ile, gunia zile za Juru, ni mimi niliyezisema. Nilimwandikia binti yangu nimevuna nne ili asiumie. Yeye akaziandika. Ni sisi wawili tuliowatoa kwenye orodha."

Bomba lilikuwa linamwagika na hakuna aliyelifunga. Mama mmoja akatema mate karibu na mguu wangu. Mwingine akaniuliza, "Gunia nne, Pascaline? Si hata ungesema moja?" Nikawaeleza habari ya kamba na kilo, nikaona wanaanza kubeba ndoo zao kuondoka. Nikasema moyoni, imekwisha.

Clémence ndiye aliyebaki. Hatukuwa tumesemezana siku tatu. Alifungua kamba ya kuanikia nguo kwenye mti wake, akaja nayo, akasema, "Mita tano ni hatua ngapi?"

Usiku huohuo tukaenda kwa Ngabo. Alikuwa anawaangalia ng'ombe wake, mbavu zinahesabika.

Akasema, "Mama Pascaline, ng'ombe hawajui mambo ya ripoti. Jumamosi wasipokula, Jumatatu nitachinja."

"Nipe mpaka Jumatatu jioni."

"Na mimi utanipa nini?"

Nikamwambia, "Mwenyekiti, na wewe umetolewa kwenye orodha kama sisi. Sina cha kukupa. Kuna fasi ya jina lako chini ya karatasi, hiyo tu."

Akawatazama ng'ombe tena. Halafu akasema, "Nitawafunga. Lakini mimi nitatembea na ninyi shamba kwa shamba. Nisisikie tena namba iliyotoka hewani."

Asubuhi tulianza kwangu, kama ulivyosema. Hatua ishirini, Ngabo akihesabu kwa sauti. Gramu mia mbili na sitini. Clémence akaandika. Batu walikuwa wamekuja kutazama, tukawa kama kumi na tano. Yule aliyetema mate akasema, "Twende kwangu sasa." Kwake hakikutoka kitu, mabua matupu.

Ijumaa tulipima mashamba tisa. Jumamosi kumi na nne, mizani ikakwama, Clémence akaifungua kwa kisu akaondoa magamba ya samaki. Jumapili baada ya ibada kumi na mbili. Mchungaji alitangaza, hata wa vijiji vile viwili wakaja kutuita. Kuna mzee mmoja alitaka kutupeleka kona mbaya ya shamba lake, Ngabo akamrudisha, akamwambia, "Hatua ishirini, kama wengine." Jumatatu tumemaliza saba. Yote ni arobaini na mbili. Saa kumi na moja ng'ombe waliingia.

Lililo zuri kuliko yote ni gramu mia tisa, liko bondeni karibu na maji. Kumi na moja hayakutoa hata punje. Mengine yote ni kati ya mia moja na mia nne. Hakuna lililofika kilo. Karatasi ziko sita, sahihi za mashahidi ziko pembeni, wasioweza kuandika wameweka dole gumba.

Mikono yangu imechubuka kwa kamba. Nilikula vizuri leo asubuhi. Hapana. Nilikunywa uji tu. Nisamehe, ni mazoea.

Mama yako,
Pascaline


Ruti
Jumapili, 21 Julai

Mama,

Karatasi zilifika Jumatano saa nane. Niliziingiza zote kwenye kompyuta nikazihakiki mara mbili, kisha nikakadiria upya. Vijiji vitatu, ekari mia sita na arobaini: mavuno hayafiki gunia mia tatu. Niliandika gunia elfu tano.

Katureebe alizisoma amesimama. Akauliza, "Nani amefundisha hawa watu?" Nikasema, mtu mmoja aliwaandikia barua. Akapitisha kidole kwenye zile alama za dole gumba, ukurasa baada ya ukurasa. Akasema, "Wapimaji wangu hawaleti kitu safi hivi."

Nikampa na karatasi ya saba. Nilikuwa nimeandika jinsi gunia nne zilivyoingia kwenye ripoti, nani alizisema, nani alizipokea, na nani alidai ni wakulima wengi. Akaniambia ningeweza kuiacha hiyo, namba zinatosha, tungesema ni kosa la kuingiza takwimu. Nilishawishika, Mama. Nilikaa nayo mkononi hata akauliza kama nimeganda. Lakini tukisema ni kosa la mashine, msimu ujao fomu zikirudi nyeupe mwingine atajaza hewa. Nikaiweka juu ya zingine.

Amezituma zote Alhamisi asubuhi. Mashirika yamekubali kungoja kidogo na kutuma watu wao na mizani yao, watafika kwenu Jumatano. Msipike namba, msiwapambie.

Alasiri nilirudisha kitambulisho na ufunguo wa kabati. Katureebe hakunifokea. Alinisindikiza mpaka getini, akasema, "Ulikuwa mtu wangu wa kuaminika," akarudi ndani. Nimetembea kutoka Nyamitanga mpaka Ruti kwa miguu, na sikumbuki nilipitia wapi.

Kodi imelipwa mpaka mwisho wa Agosti. Mwambie Clémence nitakuja kumshukuru mwenyewe.

Yvette


Juru
Jumapili, 11 Agosti

Yvette mutoto wangu,

Nimekawia kukuandikia kwa sababu nilitaka nione kwa macho kwanza.

Watu wa mashirika walikuja siku uliyosema, wanne, na mizani inayong'aa. Walipima mashamba manane ya bondeni ambayo ng'ombe hawakufika, wakaingia nyumba ishirini kutazama ghala. Yule mkubwa wao alilinganisha na karatasi zetu, akamwambia Ngabo kwamba tofauti ni ndogo. Ngabo tangu siku hiyo hatuambii kitu kingine.

Juzi Ijumaa walisoma orodha ya Agosti. Tumerudi, vijiji vyote vitatu. Watu walipiga vigelegele, wengine walilia, na yule mama wa bombani alinishika bega akaliacha. Tulipanga mstari tangu saa moja.

Walipofika kwenye herufi ya C waliita Clémence. Waliita mara tatu. Mimi nilikuwa mtu wa sita nyuma, nikasema, "Hayuko." Karani akauliza, "Amekwenda wapi? Anarudi lini?" Nikamwambia sijui.

Sikukuambia kwenye barua. Sikukuficha, Yvette, sikuwa na mkono wa kuandika. Aliondoka tarehe ishirini na saba Julai. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amevimba miguu, na ule unga uliotuma ulikuwa umekwisha. Nilimwambia, "Ngoja, watu wamekuja kupima, orodha itarudi." Akaniambia, "Mama Pascaline, orodha inarudi mwezi ujao. Mutoto anakula leo." Ana mjomba wake Sange. Nikamwambia kule bado kuna risasi. Akasema anajua. Alifunga sufuria na blanketi, akanipa ile kamba yake ya nguo, akapanda gari la mkaa na batoto wote watatu. Mpaka leo hakuna habari. Ngabo ameandika kwa mchungaji mmoja wa Uvira, jirani na Sange, tunangojea.

Karani alichora mstari juu ya jina lake, kwa rula.

Nimefikiri mengi siku hizi mbili. Ningesema ukweli tarehe kumi na moja Juni, angekuwa hapa. Ungeniambia unachotafuta, angekuwa hapa. Nimeligeuza hivi na hivi, nimeona haligawanyiki, ni letu wote wawili. Sikuandikii ili ulie. Nakuandikia kwa sababu nilianza kutafuta maneno ya kukwambia kwamba amekwenda kutembea.

Wamama wananiuliza kama utakuja kutufundisha kupima msimu wa Septemba tangu kupanda. Wanataka karatasi zao wenyewe zikae kwa Ngabo, ofisi ikija ikute. Nimewaambia nitakuuliza, sikuwaahidi.

Mgao niliopata ni nusu ya ule wa zamani, na nimemtolea mama aliyejifungua jana. Kilichobaki kitanifikisha tarehe ishirini, nikibana. Chakula ni kidogo, Yvette. Njoo hivyo hivyo.

Mama yako,
Pascaline